Pale Sindano Inapojiinua

Mume wangu ni fundi wa lifti, na mtaani wanamwita hivyo hivyo, Fundi. Kazi yake ni kuwatoa watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa, wengine wameshalia, wengine wameshatapika, na kuna bwana mmoja mwenye tai aliwahi kumkumbatia akakataa kumwachia mbele ya wafanyakazi wake wote. Akimaliza hayo anarudi nyumbani, anavua buti, anajisugua grisi mpaka kwenye viwiko, kisha anakaa mbele ya kabati la santuri na kusikiliza watu wakipiga mayowe. Kwa hiari yake! Mtu ameshinda kutwa nzima akiitwa kwa mayowe, halafu anakuja nyumbani kujitafutia mengine.

Niseme mapema kwamba huo muziki mimi siupendi, msije mkanidhania. Unaitwa panki, na ndani ya panki yeye anapenda aina mbili tu. Kuna ile kali kabisa, wanaiita hadikoo, ambayo wimbo unaisha kabla hujajua kama umeanza. Na kuna ile ya kulia, wanaiita imo, ambayo gitaa linaanza taratibu, linakubembeleza mpaka unataka kusinzia, halafu ghafla mwimbaji anapasuka kwa kilio. Nilipoolewa nilimuuliza Fundi huyu mtu analilia nini. Akaniambia, "Sikiliza kwanza." Nimesikiliza miaka yote hii na bado sijaambiwa.

Santuri zenyewe ni zile ndogo, zinazoenea kwenye kiganja ukikikunjua vizuri. Zilitolewa chache, na vijana waliozitoa walikunja majalada wenyewe sakafuni na kugonga mihuri kwa mkono. Nyingi kati ya bendi hizo zilivunjika kabla gundi haijakauka. Ndiyo maana wako watu huku na huko duniani, Fundi anawaita ndugu, wanaozisaka usiku na mchana. Yeye akipata moja haifungii. Anaiosha kwa brashi laini, anaicheza kwenye mashine iliyounganishwa na kompyuta, anaondoa vumbi na mikwaruzo mlio kwa mlio, kisha anaiweka mtandaoni, anayetaka achukue bure. Santuri ya bendi ya mdogo wake aliisafisha hivyo hivyo, mpaka ile "tk" ndogo ya mwisho kabisa, iliyobaki baada ya gitaa kunyamaza, akaifuta akidhani ni vumbi. Mimi nashona mapazia. Vipande vya bitana vinavyobaki huwa namshonea vifuko vya kuhifadhia santuri zake, kwa hiyo hata mimi sina usafi wa kujivunia.

Na hiyo mashine ya santuri, msiiguse. Aliikuta imekufa kwenye jengo lililokuwa likihamwa, akaifufua kwa mikono yake. Inajiendesha yenyewe: unabonyeza kitufe, mkono wa sindano unanyanyuka, unashuka, na santuri ikikaribia mwisho mkono unajiinua na kurudi mahali pake. Kwa mtu wa lifti hayo ni mapenzi. "Mashine nzuri," huniambia, "unaijua kwa namna inavyosimama." Nami humjibu kwamba hata mke mzuri unamjua kwa namna anavyokuvumilia.

Mama yake tunakaa naye. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, akastaafu, lakini yale mashuka yaliyokunjwa kona kwa kona hayakumtoka. Kitambaa changu kikikaa upande mezani, mkono wake unakwenda wenyewe kukinyoosha. Hatugombani, hata majirani wanashangaa. Jambo moja tu lilikuwa likinikera, nalo ni mlango.

Mlango wetu wa mbele una komeo la chuma kwa ndani, na juu ya komeo kuna kufuli kubwa. Ufunguo wa kufuli Mama ameuvaa shingoni kwa kamba tangu kabla sijaolewa. Mchana alikuwa akitosheka na komeo. Jioni, watu wote wakishaingia, alipiga kufuli, akautia ufunguo ndani ya blauzi, na hapo shughuli imekwisha. Mara nyingi nimesimama nje ya nyumba yangu mwenyewe na mifuko ya sokoni imenikata vidole, nagonga kama mgeni, huku nasikia kandambili zake zikija polepole.

"Nani?"

"Mimi, Mama."

"Mimi nani?"

Na sauti yangu anaijua vizuri! Lakini sikuwa nikilalamika sana, kwa sababu habari ya mlango huo niliijua.

Fundi alikuwa na mdogo wake, ambaye wenzake walimwita Koo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwimbaji wao na hilo koo ndilo lilikuwa chombo chake. Bendi yao iliitwa Misumari, na mazoezi walifanyia kwenye stoo nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Koo alikuwa akichelewa kurudi. Mama aliweka sheria kwamba kufuli likishapigwa limepigwa, na Koo akawa kila mara anasimama nje anagonga na kubembeleza. Mama alikuwa akimwacha asote kidogo, kisha anakwenda kufungua huku akigomba. Mpaka usiku mmoja alipochoka kudharauliwa, akaamua mtoto apate funzo. Hakufungua. Fundi alikuwa macho kitandani, anasubiri kandambili zilie sakafuni. Hazikulia. Koo alirudi kulala kule stoo. Umeme ulikuwa umekatika na kulikuwa na baridi, akawasha jenereta mle ndani na kufunga mlango. Asubuhi wachomeleaji walimkuta amejikunja juu ya maboksi ya spika, wakadhani amelala. Moshi wa jenereta ulikuwa umeshammaliza.

Santuri ya Misumari ilikuwa imetumwa kutengenezwa kiwandani, mbali, muda mrefu kabla ya hapo. Ilifika baada ya mazishi. Boksi zima la santuri, na mwimbaji hayupo. Wenzake waligawana, wakatawanyika na maisha yao, na Fundi akabaki na moja.

Mtu angedhani Mama angelitupa lile kufuli jalalani. Hakulitupa. Nafikiri kuacha kufunga kungekuwa kukiri, na yeye hakuwa mtu wa kukiri. Jioni alipiga kufuli kama kawaida, kisha akabaki amesimama pale kidogo, sikio karibu na ubao. Nilimwona mara ya kwanza nikiwa bibi arusi bado, nikadhani amesikia paka. Baadaye nilielewa, na nikawa nikipita pale sebuleni saa hiyo natembea pembeni, nisimguse mtu nisiyemwona. Nyumba yetu ina watu watatu. Lakini wakati wa kuandaa meza, mara ngapi nimejikuta nahesabu wanne.

Kisha sikio la Mama la kushoto likafa. Daktari alisema la kulia linafuata, hakuna cha kufanya, ni uzee na zile mashine za kufulia zilizomngurumia maisha yake yote. Tulipofika nyumbani Mama akamwita Fundi, akamkalisha mbele yake.

"Uso wake ninao," akasema. "Kila siku nauona. Sauti ndiyo imenitoka. Nitafutie."

Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimtaja Koo. Fundi alinyanyuka pale pale, akaenda kabatini, akaiweka santuri ya Misumari kwenye mashine. Mama alivumilia wimbo mmoja, mkono shavuni.

"Toa. Huyo ni mtu anayeungua moto," akasema. "Mwanangu alikuwa na sauti ya kuomba chumvi mezani. Nataka hiyo. Nataka niisikie kabla hili nalo halijaziba."

Tangu siku hiyo Fundi hakutulia. Kaseti za zamani za mazoezi alizifungua akakuta zimeota ukungu. Aliwapigia waliokuwa kwenye bendi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisikitika na hakuwa na kitu. Chini ya kila santuri aliyoiweka mtandaoni akawa anaandika ombi: mwenye kanda yoyote ya Misumari, hata ya mazoezi, hata mbovu, tafadhali anitumie. Na ndugu zake hao wa duniani walituma, siwezi kuwalaumu. Walituma rekodi za maonyesho ukumbini, rekodi za redioni, kipande cha video ambacho Koo anashika maikrofoni, anafungua mdomo aongee na watu, halafu watu wanamfunika kwa kelele. Fundi alikuwa akisikiliza kwa spika za masikioni, mimi nikiwa kwenye cherehani nyuma yake. Nilijifunza kuusoma mgongo wake. Ulikuwa ukinyooka anapobonyeza, halafu unalegea, na mimi nakanyaga cherehani yangu kwa nguvu ili asijue kwamba nimeona.

Siku moja mchana akaja mgeni. Alikuwa dereva wa lori la barafu, mwanamke mpana mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, na mapenzi ya muziki huo huo wa mayowe. Kwa miaka alikuwa akichukua nyimbo kwenye mtandao wa Fundi, na sasa kampuni yake ilikuwa imembadilishia njia, akawa anapita mji wetu. Aligonga, na mimi nikaacha makusudi ili naye aonje.

"Nani?" Mama akauliza.

"Dereva!"

"Hatujaagiza gari."

Nikakimbia kufungua kabla mambo hayajaharibika. Dereva alimwamkia Mama shikamoo kwa heshima zote, akaitikiwa marahaba, na Mama akajiendea chumbani kwake kupumzika na kufunga mlango. Alijua wageni wa Fundi wanaleta nini.

Fundi ana utaratibu wake kwa wageni. Mgeni anakuja na santuri moja, inachezwa yote mwanzo hadi mwisho bila mtu kuongea, kisha mgeni anaondoka na nakala ya kitu asichonacho. Dereva alikuwa ameifunga yake ndani ya sweta. Alipoifungua nikauona muhuri wa misumari miwili iliyopishana, na Fundi akauona, akaketi. Dereva alisema aliipata kwenye duka la vitu vilivyotumika, imechanganywa na santuri za kwaya.

"Lakini Fundi, kabla hujaicheza, nina swali," akasema. "Limenikaa rohoni muda mrefu, nikasema nikikuona uso kwa uso nitakuuliza."

"Uliza tu."

"Yule kijana anayegonga mlango pale mwisho. Alifunguliwa?"

Nilikuwa na sinia la chai mkononi. Nililiweka chini polepole.

"Anayegonga wapi?" Fundi akauliza.

Dereva alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaacha. "Kwenye santuri hii. Upande wa pili, nyimbo zikiisha. Kwenye mtandao wako sikumsikia, nikajua umemkata makusudi. Nikasema labda ni mambo ya kifamilia."

Fundi aliigeuza santuri upande wa pili, akabonyeza kitufe. Tukasikiliza zile nyimbo zote bila kuongea, utaratibu ni utaratibu. Gitaa la mwisho likafifia, ikasikika ile "tk", na mkono wa sindano ukajiinua kwa upole, ukarudi mahali pake.

"Aa, basi ndiyo maana," Dereva akasema. "Hii yako inajiinua. Ya kwangu ni ya kizamani, mkono naunyanyua mwenyewe. Nisipounyanyua anagonga bila kukoma. Siku moja nilisinzia kwenye kochi, nilipozinduka nilikuwa nimeshafika mlangoni kwangu, mkono kwenye kitasa."

Akatuonyesha kwa kidole. Karibu kabisa na karatasi ya katikati, baada ya michirizi yote kuisha, palikuwa na duara moja jembamba ambalo halikwenda kokote. Sindano ikiingia humo haitoki. Inazunguka hapo hapo mpaka mtu aje. Fundi anayajua maduara hayo, ameshaona ya bendi nyingine. La nyumbani kwake hakuwahi kulitazama, kwa sababu mashine ilikuwa ikimwambia kwamba imekwisha. Alikuwa ameandikia watu wa dunia nzima wamtafutie sauti ya mdogo wake, na sauti yenyewe imelala kabatini kwake, ndani ya kifuko nilichokishona mimi, upana wa ukucha kutoka pale sindano ilipokuwa ikijiinua.

Alipindua mashine, akafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi yake ndogo, akang'oa springi inayounyanyua mkono. Mashine aliyoipenda hivyo! Kisha akaishusha sindano kwa mkono.

Gitaa likafifia. Tk. Na safari hii ikafuata tk ya pili, na hata mimi nikajua kwamba hiyo haijawahi kuwa vumbi. Ilikuwa kifundo cha kidole juu ya ubao. Halafu sauti ya kijana, ya kawaida kabisa, ya karibu, kana kwamba yuko nyuma ya pazia: "Mama, nifungulie." Tk, tk. "Mama, nifungulie." Tk, tk. "Mama, nifungulie."

Fundi alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, vile anavyosimama kazini nje ya mlango wa lifti, akisikiliza mtu aliye ndani amekaa upande gani. Maisha yake yote ameitwa hivyo kupitia milango, na siku zote alijua la kufanya. Sasa mikono ilikuwa imening'inia tu. Mimi nikautazama mlango wa chumba cha Mama. Naye akautazama. Akainyakua sindano kwa pupa, nusura aikwaruze santuri ya watu.

"Nimekosea?" Dereva akauliza, na ile sauti yake kubwa yote imekwisha.

"Hapana, dada. Umenisaidia."

Alimpa nakala yake kama desturi, lakini swali lake hakulijibu. Nilipomsindikiza Dereva aliniminya mkono, akapanda lori lake lililokuwa likidondosha maji barabarani, akaenda.

Jikoni tuligombana kwa kunong'ona.

"Hatamsikia," Fundi akasema.

"Mama si ndiye aliyeomba?"

"Aliomba sauti ya chumvi. Wewe umesikia nilichopata? Maneno yale yale, mke wangu. Yale yale aliyokataa kuyaitikia. Nimpe mama yangu hayo ndiyo awe anaingia nayo kaburini?"

"Sikio linaziba, Fundi."

"Basi lizibe!"

Alishtuka mwenyewe kwa alichosema. Nilitaka kumjibu kwamba yeye naye alilala kitandani usiku ule akisikiliza, na labda anayemkinga hapa si Mama. Niliumeza ulimi wangu. Kuna maneno ukimwambia mume, yanahamia ndani ya nyumba na hayatoki tena.

Akaacha kutafuta. Aliyafuta yale maombi kwenye mtandao wake, akairudisha santuri kwenye kifuko, akaisukumia nyuma kabisa ya kabati. Lakini mimi nikawa naisikia. Nakanyaga cherehani, na cherehani inasema. Bomba la jikoni linadondosha, na bomba linasema. Jioni Mama alipopiga kufuli na kusimama pale na sikio lake kwenye ubao, Fundi alikuwa akitoka sebuleni kwenda uani kutazama ukuta.

Halafu siku moja nikarudi kutoka kupeleka mapazia kwa mteja, nikakuta komeo. Nikagonga. Nikaita. Nikagonga tena mpaka vifundo vikauma, na kandambili hazikuja. Mwanzoni nilikasirika, kama kawaida yangu. Kisha, sijui nisemeje, hasira ikaniishia na nikaanza kuogopa, si kwa ajili ya Mama, bali kwa ajili yangu, kana kwamba nyumba imeamua kuwa mimi simo. Nilielewa kitu pale nje ambacho miaka yote ya kuhadithiwa sikukielewa. Nikazunguka, nikaingia kwa dirisha la jikoni kama mwizi, sketi ikachanika.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameuelekea mlango, ananisubiri.

"Umepita wapi?" akauliza.

"Dirishani, Mama. Nimegonga sana."

"Umegonga?"

"Sana."

Alinitazama. Akautazama mlango. Mkono wake ukaenda shingoni, ukaushika ufunguo juu ya blauzi, ukabaki hapo.

Jioni Fundi aliporudi, Mama alipiga kufuli, na safari hii hakusimama pale kusikiliza. Alikuja moja kwa moja, akaketi mbele ya mwanawe.

"Umeacha kutafuta," akasema kwa sauti ya juu, ile ya watu wasiojisikia. "Mtu huacha akichoka au akipata. Wewe si wa kuchoka, nakujua, umeniwekea makopo ya kelele humu ndani miaka yote. Umepata."

Fundi akanitazama mimi. Nikainamia sketi niliyokuwa nikiishona. Ajibu mwenyewe.

"Nimepata, Mama. Yule mgeni wa lori ndiye aliyenionyesha. Lakini si nzuri."

"Nani amekuuliza kama ni nzuri?"

Fundi alimsogezea kiti mpaka kwenye spika, Mama akaliweka sikio la kulia juu ya kitambaa cha spika chenyewe. Fundi alishusha sindano mara mbili bila kuipata michirizi, ikabidi nimshike kiwiko. Mama alikunja uso wakati wa mayowe. Gitaa likafifia. Tk, tk.

"Mama, nifungulie."

Hakutikisika. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kumdaka, maana nilijua anaanguka. Fundi alikuwa amefumba macho, na vidole vyake viko juu ya sindano, tayari.

"Anacheka," Mama akasema.

"Nini, Mama?"

"Huyu mpumbavu anacheka. Msikilizeni pale anapomalizia. Alikuwa akifanya hivyo hivyo akijua nimeshaamka. Ananifanyia mzaha."

Nikasikiliza. Na kweli. Mwisho kabisa wa neno, kabla ya kidole kugonga tena, pumzi ilikuwa imekatika kwa kicheko kilichobanwa. Woga ulikuwa umetuziba sisi masikio, wenye masikio mazima. Kijana alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni akiwa na siku zake zote mbele yake, akaandaa utani wa nyumbani kwao, wa kumchezea mama yake sebuleni siku santuri itakapofika. Mama alianza kucheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko, yakaingia kwenye kitambaa cha spika. "Mpumbavu," akawa anasema. "Mpumbavu wangu mimi."

Kisha akanyanyuka. Kandambili zikalia sakafuni, polepole, mpaka mlangoni. Akaivua ile kamba kupitia kichwani, na kwa kuwa ilikuwa haijavuliwa miaka mingi ilinasa kwenye nywele, akahangaika nayo, na hakuna kati yetu aliyethubutu kwenda kumsaidia. Akafungua kufuli. Akavuta komeo. Akaufungua mlango wote, mpaka ukagusa ukuta, akasogea pembeni kama unavyompisha mtu mwenye mizigo. Nje kulikuwa na mtaa tu, na jirani anasukuma pikipiki yake iliyokataa kuwaka. Nyuma yetu Koo alikuwa bado anagonga.

Mama alisimama hivyo muda. Naapa kwamba mimi nami nilisogeza miguu yangu.

"Inua sasa," akasema.

Fundi akainua sindano. Nyumba ikanyamaza kimya ambacho sikuwa nimewahi kukisikia humo. Mama alirudi kitini, kufuli mkononi, akalitazama kana kwamba limeokotwa.

"Yule mwenye lori naye ameisikia hii?"

"Ameisikia, Mama. Ndiye aliyeniuliza kama alifunguliwa."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Mama aliliweka kufuli mezani, juu ya kitambaa changu, na kitambaa kikakunjika na hakukinyoosha.

"Mjibu," akasema. "Mwambie nimefungua. Mwambie nimechelewa, lakini nimefungua."

Fundi akaenda kwenye kompyuta kumwandikia. Mlango tuliuacha wazi mpaka mbu walipoanza kuingia, na hata walipoingia hakuna aliyesema ufungwe.